AFYA YA FAMILIA: TANGI LA GARI LISILOPUMUA

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia malaria, maji safi na lishe ya watoto. Safari hii tutaingia gereji. Akina mama msiupite ukurasa mkidhani ni wa madereva, kwani mgonjwa wa habari hii ni kijana wa miaka kama 15 aliyepelekwa na mama yake kujifunza ufundi.

Ilikuwa gereji moja hapa Makorora. Land Rover kuukuu ya petroli ililetwa ikivutwa kwa kamba. Dereva akaeleza kwamba inakwenda vizuri kilomita 20 hivi, halafu inaanza kumisi, mwishowe inazima. Akikaa nusu saa kivulini inawaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote. Fundi akaamua kwamba mafuta ni machafu na yatolewe. Kijana akapewa kipande cha mpira, akakiingiza tangini, akavuta kwa mdomo. Petroli ikamjaa kinywani, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wenzake wakacheka. Mmoja akakimbia dukani kumletea maziwa, akayanywa, akatapika. Usiku ule alishikwa na homa, akawa anahema haraka haraka kama mtu aliyekimbia. Alilazwa siku tatu.

Na ile petroli haikuwa na uchafu wowote. Ubovu ulikuwa katika bomba jembamba la kupumulia la tangi: nyigu walikuwa wamejenga humo kwa udongo.

Je, tangi linapumua? Ndiyo. Fikirini dumu la mafuta ya kula. Ukilitoboa tundu moja dogo tu, mafuta hutoka kidogo kwa kukwama kwama. Ukitoboa la pili upande wa juu, yanamiminika vizuri. Lile tundu la pili ni la hewa. Tangi la gari ni vivyo hivyo. Kila lita ya petroli inayokwenda kwenye injini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Hewa isipoingia, ndani ya tangi panakuwa na mvuto unaoizuia petroli, na pampu inashindwa. Injini inakosa chakula, inazima. Gari likisimama, hewa hupenya taratibu, ndiyo maana baada ya nusu saa linawaka tena. Matangi mengine ya bati hubonyea kabisa kwa mvuto huo, na mahali pa maungio pakapasuka.

Katika baadhi ya magari ya zamani hewa hupitia kwenye mfuniko wenyewe, ambao una kitundu chenye vali ndogo. Katika mengine mfuniko umezibwa kabisa, na hewa hupita katika bomba au mpira mwembamba unaopanda kutoka juu ya tangi. Hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mfuniko ukipotea, mtu hununua wowote unaoingia, bila kuuliza kama ni wa kupumua au wa kuziba. Wengine hufunga kitambaa na nailoni. Vumbi la njia za Maramba na tope la kupanda Amani humalizia kazi. (Wenye Land Cruiser za mkonga msijidanganye: mkonga ule ni pua ya injini, si ya tangi.)

Kulitambua tatizo hili hakuhitaji kunyonya kitu. Gari likianza kumisi, liweke kando ya barabara, zima injini, abiria wote washuke na asiwepo mtu mwenye sigara. Ngoja injini ipoe. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa, uso ukiwa mbali, uufungue polepole sana huku ukisikiliza. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani, fyuu, na gari likawaka na kwenda vizuri, kisha likazima tena baada ya mwendo uleule, basi tangi halipumui. Usiposikia kitu, kagua chujio la mafuta, pampu na kabureta. Ili kufika nyumbani, ni afadhali kusimama kila baada ya kilomita chache na kufungua mfuniko kwa namna hiyohiyo, kuliko kwenda nao ukiwa umelegea. Ukilegea, petroli humwagika gari linapoyumba. Wala sikubaliani na mafundi wanaotoboa mfuniko kwa keekee. Tundu lile halina vali, na gari likilala upande petroli hutoka.

Lakini pengine utasikia kinyume chake, yaani mvuke ukitoka kwa nguvu kuja nje. Hiyo ni kazi ya joto. Petroli inapopata joto hutanuka. Lita 60 zilizojazwa asubuhi mpaka shingoni, zikipata joto zaidi kwa nyuzi 20 kwenye jua la adhuhuri la Tanga, huongezeka kwa zaidi ya lita moja. Tena sehemu ya petroli huanza kuchemka kwenye joto lisilofika nyuzi 40. Kama bomba la kupumulia limeziba, nguvu hiyo yote inamngoja atakayefungua mfuniko. Akiufungua kwa pupa, petroli humrukia usoni na machoni. Kwa hiyo usijaze mpaka pomoni, na mfuniko ukianza kupuliza, usimame hapo hapo mpaka unyamaze.

Kuna na ubovu wa tatu, ambao kwa familia ndio mbaya zaidi kwa sababu gari linaendelea kutembea. Mpira wa kupumulia ukipasuka, mvuke huingia ndani. Land Rover fupi za zamani zina tangi chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo watu hukalia chanzo chenyewe. Watoto wanalalamika kichwa, mama mjamzito anasikia kichefuchefu, na dereva anasema ni mawimbi ya barabara mbovu. Dalili za petroli ndizo hizo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Ndani ya petroli mna benzini, ambayo ikivutwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya damu. Ni kweli kwamba petroli yenye risasi ilikoma kutumika katika nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Benzini bado imo. Basi harufu ya petroli ndani ya gari isizoeleke. Fungueni madirisha, na mpira ubadilishwe kwa mpira wa petroli, si wa maji, kwani wa maji huliwa na petroli ukalainika.

Kuzibua bomba si kazi kubwa. Likate pande zote mbili kwanza, lisiwe limeungana na tangi, kisha pitisha waya laini na upulize kwa pampu ya baiskeli. Msipulize kwa mdomo. Kazi ifanyike nje mchana, si kwa kibatari wala kiberiti, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mama ntilie wa jirani, na moto hurudi kwa njia ileile. Na tangi lililopasuka lisichomelewe kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu lenye mvuke hulipuka kuliko lililojaa. Sisi Watanzania hatuna haja ya kuelezwa sana habari hii baada ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka, watu wakachota, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa moto.

Turudi kwa yule kijana. Madhara makubwa ya petroli iliyoingia kinywani si tumboni bali mapafuni. Petroli ni nyepesi. Tone dogo likipita njia ya hewa husambaa na kuunguza mapafu, na mtu hupata kichomi. Kwa hiyo asitapishwe kamwe, kwa kidole, kwa maji ya chumvi wala kwa mawese, maana ikirudi juu hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Maziwa hayaui sumu hii. Yaliyompata yule kijana ni kutapishwa tu. Asukutue kinywa na kutema. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi; macho yaoshwe kwa maji safi kwa robo saa. Kama anakohoa, anahema haraka au anasinzia, apelekwe hospitali mara moja, Bombo au iliyo karibu. Hata akionekana mzima aende akapimwe, kwa sababu kifua huweza kubadilika saa kadhaa baadaye. Hayo yote ni sawa kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka chupa ya soda, na kwa dizeli pia.

Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta inauzwa kwenye maduka ya vipuri. Kama mwanao anajifunza ufundi, nenda siku moja gereji, umwulize mwenye gereji kama anayo.