Kalamu Imeinuliwa, Wewe Unamdai Nini?

Jioni moja nimekaa ukutani Forodhani, miguu inaning'inia upande wa bahari, nakunywa juisi yangu ya miwa. Maghribi imeshaadhiniwa kitambo. Pembeni yangu msichana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, anatia udhu kwa chupa ya maji. Mkono wa kushoto kauosha mara tatu, akatazama kiwiko, akauosha tena. Akafungua chupa ya pili. Nilipohesabu mara ya tisa, urojo wake umeshapoa na adhana ya isha inalia. Akaangua kilio. "Dada, sijui kama maji yamefika."

Mdogo wangu unayenisoma, kama na wewe ndivyo ulivyo, usione haya, mko wengi. Huo ni waswasi, na si ucha Mungu hata ukionekana hivyo. Unguja hapa wengi tunafuata Imam Shafi, na kanuni iko wazi: yakini haiondolewi na shaka. Ukishamaliza udhu, shaka inayokujia baadaye haina kazi, iache ipige kelele. Wala usidanganywe kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, Muislamu aliyefariki mwaka 934, alishayaandika mawazo haya yanayomganda mtu asipate raha. Ukiona kila siku swala zinakupita ukiwa bombani, huo ni ugonjwa, na una daktari wake.

Sasa nije kwenu mnaohukumu wenzenu. Mjomba wangu alipotoka kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, alikwenda msikitini akasimama safu ya mbele. Watu wawili watatu wakamvuta nyuma: ati swala ya mwendawazimu haiswihi. Alirudi nyumbani kimya, akavua kofia akaikunja, asiseme neno. Mpaka leo nikiikumbuka ile kofia roho inaniuma. Hujafa hujaumbika, jamani!

Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alitufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili imrudie. Mpaka imrudie, umesikia? Mjomba akili ilikuwa imesharudi, kwa hiyo swala yake ilikuwa swala kama yako. Na zile zilizompita akili ilipokuwa haipo, kwa Shafi hazilipi. Anayetapatapa kwa sonona naye akili anayo, swala inamhusu. Akishindwa kusimama, aswali kakaa. Msimwambie imani yake ndogo. Na mwenye wazimu, aliyeinuliwa kalamu ni yeye, si mali yake: zaka ya akiba yake anaitoa walii wake. Nalisema hili kwa makusudi, maana wako ndugu hukumbuka wazimu wa mtu siku ya kugawana vyake tu.

Halafu Ramadhani. Kila mwaka yupo anayeacha vidonge vyake ili "afunge kama watu", na kabla ya Idi nyumba nzima haijalala. Mgonjwa karuhusiwa kula, Kurani imesema, wewe nani umzuie? Dawa nyingine, kama lithiamu, mwili ukikauka maji hugeuka sumu. Muulizeni daktari kabla ya mwezi kuandama. Akisema usifunge, basi usifunge. Utalipa ukipoa, na kama ni maradhi yasiyotarajiwa kupoa, toa kibaba cha chakula kwa kila siku. Dini imeshakufanyia wepesi, usijitafutie uzito.

Najua mtaniambia, "Dada, tumeshamnywesha kombe." Vizuri, mnywesheni, na kisomo msomeeni; sina ugomvi na dua. Ninachogombana nacho ni kumfungia mtu chumba cha uani mwaka mzima kwa kuogopa majirani wasije wakasema "wa Kidongo Chekundu". Mficha maradhi kifo humuumbua. Kisomo na kidonge havijapata kugombana, mnaovigombanisha ni nyinyi.

Yule msichana nilimwambia aswali na udhu wake ule ule, nimuone. Akaswali juu ya khanga yangu, maghribi kwanza kisha isha, huku mara mbili akitaka kurudi kwenye chupa. Chupa nilikuwa nimeikalia.

Na wewe uliyeniuliza kuhusu kaka yako, miezi minne anazungumza peke yake na hajagusa msala: kesho asubuhi mpeleke hospitali. Deni la swala usimuulize.