Mwanga wa Nyota na Joto Lake

Katika Suratun-Najm, aya ya 49, Allah (S.W.) anatajwa kuwa ndiye Mola wa Shi'ra. Wafasiri wanaeleza kuwa wako Waarabu wa Jahiliya walioiabudu nyota hiyo, na kweli hakuna nyota ya usiku inayong'aa kuliko yeye. Je, kung'aa huko ni dalili ya ukubwa au ya moto mkali?

Hapa Lilongwe taa za mji huficha nyota nyingi, lakini kwetu Dzaleka usiku usio na mwezi huonekana vizuri. Mwezi wa Aprili, baada ya Magharibi, Shi'ra huwa karibu na utosini. Upande wa kaskazini-magharibi kuna Rigel, nyeupe ya kibuluu, na Betelgeuse, nyekundu. Majina hayo yote mawili yana asili ya Kiarabu.

Joto hutambuliwa kwa rangi. Chuma motoni huanza kuwa chekundu, na kikizidi kupata moto huelekea weupe. Betelgeuse ina kelvini 3,500 hivi, Jua 5,800, Shi'ra karibu 10,000, Rigel kama 12,000.

Mwanga tunaouona hutegemea pia ukubwa na umbali. Betelgeuse ni baridi kuliko Jua, lakini kwa kuwa kipenyo chake ni mamia ya mara ya kipenyo cha Jua, hutoa mwanga maelfu ya mara zaidi. Rigel nayo huishinda Shi'ra kwa joto na kwa ukubwa, ila iko mbali zaidi ya miaka ya nuru 800. Shi'ra iko miaka 8.6 tu. Tena Shi'ra ina mwenzake, nyota kibete yenye kelvini 25,000 hivi, ambayo macho matupu hayaioni kwa kuwa ukubwa wake ni kama wa Dunia.

Kwa hiyo walioisujudia Shi'ra walihadaiwa na ukaribu wake. Nasi tujihadhari. Mitihani ikikaribia, wapo wanaomwambia mwanafunzi kuwa nyota yake imefifia, alipe isafishwe. Nyota hufifia machoni petu kwa umbali, udogo au upungufu wa joto. Katika hayo matatu hakuna linalogusa karatasi yako ya mtihani. Pesa hiyo nunulia daftari, kisha usome na umuombe Mola wa Shi'ra.

Wallahu a'lam.