SOMO LETU: KUMJUA SAMAKI MWENYE MIMBA NA KUWATAYARISHIA VIFARANGA WAKE MAHALI



Gazeti letu desturi yake ni kusema nanyi habari za mikarafuu, vitalu na majamvi ya kuanikia. Leo twaomba ruhusa tuingie sebuleni, tulitazame tangi la kioo ambalo baba amewanunulia wanawe baada ya msimu. Swali hili limetujia zaidi ya mara moja: "Samaki wetu amevimba tumbo. Je, ana mimba au ni mgonjwa? Na akizaa tufanye nini?"

Swali hili si la mchezo. Asiyejua majibu yake huamka asubuhi akamkuta mama amekufa, au akamkuta mama mzima na vifaranga wote wameliwa, na watoto wa nyumbani wanalia. Sisi wenyewe yametufika. Tulimwona jike amekwisha kuwa mzito, tukamtia haraka katika chupa ndogo ili azae peke yake, tukidhani twamsaidia. Kulipokucha alikuwa ameelea juu, naye hakuzaa hata mmoja. Tangu hapo tulijifunza kwamba kazi hii ni ya kutazama mapema na kutayarisha mapema.

1. Si kila samaki hushika mimba

Samaki wengi hutaga mayai. Samaki wa dhahabu, kwa mfano, akivimba huenda amejaa mayai, wala hatazaa watoto wenye uhai. Wazaao watoto wenye uhai katika matangi yetu ni wachache: gapi, moli, plati, na yule mwenye mkia kama upanga. Leo tutamshika gapi, kwani ndiye mwepesi kufuga, na umjuapo yeye hao wengine hawatakupa taabu kubwa.

Kwao gapi ni Amerika ya Kusini, upande wa kaskazini, na visiwa vilivyo karibu kama Trinidad. Jina lake latokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hawa London kutoka Trinidad. Mwaka 1866 mtaalamu wa jumba la makumbusho la huko, Albert Günther, akampa samaki huyo jina la kumtukuza Bwana Guppy. Baadaye ilionekana kwamba mtaalamu mwingine, Wilhelm Peters, alikwisha kumwandika tangu mwaka 1859, na jina la Peters ndilo linalofuatwa na wataalamu. Lakini watu wamelishika la Guppy. Likumbukeni na hilo la Günther, maana tutalirudia.

2. Dume na jike

Dume ni mdogo, urefu wake kama sentimita 3, na ana rangi nyingi na mkia wa madaha. Jike ni mkubwa zaidi, mnene, na rangi yake aghalabu ni hafifu. Alama ya hakika ni pezi la chini, lililo nyuma ya tumbo. La jike ni pana kama upepeo. La dume limechongoka kama kijiti. Mkiona jike amekaa pamoja na dume siku chache tu, mhesabuni kuwa ana mimba.

Tena kuna jambo la ajabu. Jike akisha kupandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake kwa miezi kadha, akazaa mara ya pili na ya tatu bila ya dume. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Huyu hawezi kuwa na mimba, hakai na dume," muulize kwanza alikonunuliwa alikaa na nani.

3. Dalili za mimba

Mimba ya gapi huchukua wiki 3 hadi 4, na maji yakiwa baridi huzidi kidogo. Tazameni mambo haya kwa mpango:

(a) Doa. Karibu na mwisho wa tumbo, juu ya lile pezi la chini, pana doa. Mimba ikikua doa huwa kubwa na jeusi zaidi. Kwa jike mweupe sana, siku za mwisho huonekana vitone vidogo vyeusi ndani yake. Hayo ni macho ya watoto.

(b) Umbo la tumbo. Kwanza tumbo huwa mviringo. Siku za kuzaa zikikaribia, huteremka na kuwa kama la pembe nne, mbele limekatika wima.

(c) Mwendo. Jike aliyekuwa akicheza na wenzake hujitenga, hukaa pembeni au chini ya majani, hukataa chakula, na huhema kwa nguvu. Hapo saa zake zimekaribia.

Mchumaji mzuri hangoji karafuu ichanue ndipo alete ngazi. Hutazama rangi ya kikonyo ikigeuka kutoka kijani kuwa nyekundu, akajua wakati umefika. Doa la gapi litazameni kwa jicho hilo hilo, kila siku, na siku ya kwanza mlipoliona limekoza iandikeni. Akizaa, iandikeni siku hiyo pia. Mara ya pili hamtakuwa na haja ya kubahatisha.

4. Uvimbe usio mimba

Samaki aliyelishwa kupita kiasi huvimba pia. Mnyimeni chakula siku moja au mbili. Uvimbe ukipungua, ilikuwa shibe. Lakini mkiona magamba yamesimama mwili mzima, akawa kama ganda la nanasi, huo ni ugonjwa wa maji kujaa mwilini. Huyo mtengeni na wenzake, wala msimngojee kuzaa. Na dume mwenye tumbo kubwa, bila shaka, si mimba.

5. Kutayarisha mahali

Gapi hana huruma ya mama. Azaapo humla mtoto wake kama alavyo buu la mbu, na wenzake humsaidia. Vifaranga huokoka kwa kujificha, nao hujificha iwapo pana pa kujificha.

Njia iliyo bora kwa mwanzo ni kutomhamisha mama kabisa. Lijazeni tangi majani yaotayo majini, yaliyo laini na yaliyosongamana, yale yaeleayo juu na yale ya chini. Vifaranga huingia humo mara tu wanapozaliwa. Wengine wataliwa, lakini wengine watabaki, na mama hatapata dhiki.

Mkitaka kuwapata wengi zaidi, wekeni tangi la pili, la kiasi cha debe moja la maji, nalo pia litieni majani. Mhamisheni mama wiki moja kabla ya siku mliyoihesabu, si siku ile ile. Mteke pamoja na maji yake kwa bakuli, msimshike kwa mkono. Akisha kuzaa, mrudisheni alikotoka na vifaranga wabaki.

Maji ya mfereji yenye dawa yaacheni wazi katika ndoo siku nzima kabla ya kuyatia. Maji ya kisima kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe yana chokaa, na gapi huyapenda. Vyombo visiwe na alama ya sabuni. Joto la visiwa vyetu lamtosha, hana haja ya mashine ya kupashia maji. Lakini msimweke penye jua kali la dirishani, maana maji machache huchemka upesi.

6. Baada ya kuzaa

Jike mchanga huzaa wachache. Mkubwa huzaa 20 au 40, na pengine zaidi. Kila mmoja ana urefu usiofika sentimita 1, naye huogelea papo hapo.

Wapeni chakula kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Chakula cha samaki cha dukani kisagwe kati ya vidole mpaka kiwe vumbi. Kiini cha yai lililochemshwa sana, kikikamuliwa katika kitambaa cha melimeli, chafaa pia, lakini kiwe punje tu: kikizidi huoza, maji yakanuka, na vifaranga wakafa kwa wingi wa ukarimu wenu. Kila wiki toeni robo ya maji, mtie mapya yaliyokwisha kulala. Wakifika wiki 4 hadi 6, watengeni madume na majike, la sivyo hesabu yenu itawashinda.

7. Wakizidi, msiwamwage

Hapa ndipo penye neno letu kubwa. Baada ya miezi michache tangi hujaa, na fikra ya kwanza ya mtu ni kuwamwaga katika mtaro, kidimbwi au bonde la mpunga, akisema watakula mabuu ya mbu. Msifanye hivyo. Katika karne iliyopita samaki wa jamii hii walipelekwa nchi nyingi kwa ajili ya mbu, na mahali pengi wakawadhuru samaki wenyeji kwa kuwala watoto wao na kuwanyang'anya chakula.

Na sisi tunaye wa kumchunga. Katika vidimbwi vya mvua vya Unguja mna samaki mdogo, dume wake ana mkia mwekundu, ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine duniani. Wataalamu humwita Nothobranchius guentheri, jina alilopewa mwaka 1893 kwa heshima ya Albert Günther yule yule. Huyu hashiki mimba kama gapi. Hutaga mayai katika matope. Kidimbwi kikikauka wakubwa hufa wote, na mayai hungoja chini ya udongo mpaka mvua irudi. Aliyestahimili kiangazi miaka yote hiyo asije akamalizwa na ndoo yetu moja.

Waliozidi wapeni majirani wenye matangi, au wauzieni wafugaji. Na mkiona wamewashinda, wakalisheni majike peke yao mbali na madume, mkikumbuka kwamba wale waliokwisha kupandwa watazaa tena mara kadha kabla ya kukoma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jike asiyekaa na dume aweza kuzaa?
2. Taja tofauti ya tumbo la mimba, tumbo la shibe na tumbo la ugonjwa.
3. Mama ahamishwe lini, na kwa nini si siku ya kuzaa?
4. Gapi waliozidi wapelekwe wapi, na wasipelekwe wapi?

Wasomeeni watoto wenu somo hili, kisha waachieni wao kazi ya kuliandika doa kila siku. Mtoto aliyejifunza kungoja wiki 4 mbele ya kioo hatachoka kukingoja kitalu cha mikarafuu.