Kadi au Fedha Taslimu? Somo kwa Msafiri wa Nje ya Nchi

Wasafiri wengi huuliza kipi ni nafuu ugenini: kadi ya benki au fedha taslimu. Jibu hutegemea mambo mawili: fedha yako itabadilishwa mara ngapi, na nani anayepanga kiwango cha kubadilishia.

Tumchukue mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam kwenda Dubai kununua bidhaa. Akibeba fedha taslimu, kwa kawaida hubadilisha shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa dirham. Hatua ya pili ni rahisi kuikagua, kwa kuwa tangu mwaka 1997 dola moja imefungamanishwa na dirham 3.6725, duka likimpa pungufu mno, atatambua. Hatua ya kwanza ndiyo inayohitaji uangalifu: alinganishe viwango vya maduka kadhaa na kudai stakabadhi.

Akilipa kwa kadi, benki yake humtoza ada ya kubadilisha fedha. Hata hivyo, mtego mkubwa zaidi umo katika swali ambalo mashine ya malipo huweza kumuuliza: alipe kwa dirham au kwa sarafu ya kadi yake? Sarafu ya kadi huvutia, kwa kuwa anaifahamu. Lakini akiichagua, kiwango hakipangwi tena kwa utaratibu wa kadi yake, bali na mtoa huduma wa mashine hiyo, ambaye huongeza faida yake.

Tuseme bidhaa ni dirham 2,000. Ada ya benki ikiwa asilimia 3, atagharimika dirham 60. Mashine ikiongeza asilimia 7, atagharimika dirham 140. Dirham 80 zimepotea kwa kubonyeza kitufe kimoja. Swali hilohilo huulizwa pia na mashine za kutolea fedha.

Kuhusu usalama, fedha taslimu zikiibwa ni nadra kurudi. Kadi iliyopotea hufungwa kwa kuipigia benki simu, na malipo yenye utata yanaweza kulalamikiwa. Hata hivyo, kadi huweza kukataliwa, na hoteli huweza kuzuia sehemu ya salio lako kwa siku kadhaa kama dhamana.

Kwa hiyo, msafiri anashauriwa:

1. Kuiuliza benki, kabla ya safari, ada za malipo na za kutoa fedha nje ya nchi, na kuijulisha aendako.
2. Kuchagua daima sarafu ya nchi aliyopo mashine inapouliza.
3. Kubeba fedha taslimu za kutosha nauli, chakula na dharura, na kutoziweka mahali pamoja na kadi.
4. Kutoa tamko forodhani anapobeba fedha taslimu zinazozidi thamani ya dola 10,000 mpakani mwa Tanzania, au dirham 60,000 anapoingia Dubai.
5. Kutunza stakabadhi zote hadi atakapozilinganisha na taarifa ya akaunti.

Soma kioo cha mashine kabla ya kuingiza namba ya siri. Ukiona sarafu usiyoichagua, sitisha malipo na umwombe muuzaji aanze upya.