Daftari Nililokwenda Nalo kwa Bingwa wa Viungo

Mara ya kwanza nilipofika mbele ya tabibu bingwa wa maradhi ya viungo, nikiwa nimepanda basi la alfajiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, niliulizwa kinachonisibu nikajibu, "Mwili wote waniuma, daktari," na kwa kuwa siku ile hapakuwa na kiungo kilichovimba wala kutenguka, nikarejea na vidonge vya maumivu basi.

Nilipojaaliwa miadi ya pili nilinunua daftari, nikaandika tarikhi ya viungo vyangu: bega la kulia lililochomoka mara mbili nikianika nguo, likarudi lenyewe, kifundo cha mguu kilichoteguka katika njia iliyo sawa, kizunguzungu kinishikacho niinukapo, na lile nililoona haya kulitaja, kwamba nilipokuwa mtoto nikiwachekesha wenzangu chuoni kwa kukilaza kidole gumba juu ya mkono.

Ajabu ni kwamba daktari aliyapita mengi akalishika hilo. Kipimo cha ulegevu wa viungo alichotumia, kinachoitwa kwa jina la Peter Beighton wa Afrika Kusini, kina alama 9: vidole vya mwisho, vidole gumba, visugudi na magoti huhesabiwa alama 1 kila upande, na ya mwisho ni ya kuinama viganja vikalala sakafuni pasipo kukunja magoti. Nilipata 4, ilhali mtu mzima ambaye hajavuka miaka 50 hutakiwa 5. Lakini viungo hukaza kadiri umri unavyosonga, na hapo ndipo huulizwa ya zamani, kutenguka kwa bega na michezo ya utotoni ikiwamo. Maradhi aliyonishuku nayo ni ya Ehlers-Danlos, yalegezayo viungo, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi haina kipimo cha damu cha kuithibitisha, hivyo ushahidi wa mgonjwa na wa jamaa zake una uzito. Muulize mama yako kabla hujasafiri.

Vaa nguo itakayokunjuka hadi juu ya goti na kisugudi, wala usivijaribu viungo usiku wa kuamkia miadi, kama nilivyofanya mimi nikaamka na kifundo cha mkono kinachowaka. Maswali yako yaandike ukurasa wa kwanza. Yangu niliyaweka mwisho, na lile la kubeba ndoo ya maji nililikuta daftarini basi lilipokwisha kupita Chalinze.