Kazi Usiiache, Saa Yako Ilinde

*Shangazi, nina miaka 29, ni mhasibu katika kampuni ya usafirishaji. Tangu sekondari naandika riwaya za kisayansi. Mswada nilioumaliza mwaka jana unahusu Dar es Salaam iliyomezwa na bahari, na watu wanaoishi juu ya maji hayo. Wachapishaji wawili wameurudisha. Mmoja alisema angeupokea kama ningeugeuza kitabu cha shule. Jioni narudi nimechoka, siandiki kitu. Nina akiba ya kunitosha miezi minane. Nataka kuacha kazi niandike tu, lakini mama analia na mchumba wangu amenuna. Nikiacha nitakuwa nimekosea?*
*Mimi wa Mji Kasoro Bahari, Morogoro*

Mwanangu, usiache kazi sasa. Sisemi hivyo kwa ajili ya machozi ya mama, wala kwa kuwa nakiona kipaji chako ni mchezo. Nasema hivyo kwa sababu mchapishaji yule amekwisha kukuonyesha hatari yenyewe. Leo unaweza kumkatalia, maana mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Mwezi wa tisa baada ya kuacha kazi, akiba imekwisha na kodi ya nyumba inadaiwa, utaukata mswada wako mwenyewe ili ufanane na anachotaka. Mshahara ndio unaokupa haki ya kuandika kuhusu jiji lililozama bila kumwomba mtu ruhusa.

Tazama maisha ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Mama yake, mfanyakazi wa ndani, alitamani binti awe katibu muhtasi mwenye kipato cha uhakika. Butler aliukataa ukatibu, ila hakukataa kazi. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua chipsi kiwandani. Alipendelea vibarua visivyomdai akili, na saa nane usiku alikuwa ameamka anaandika. Hadithi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971, kisha ikapita miaka mitano hajauza nyingine. Riwaya ya kwanza, *Patternmaster*, ilitoka mwaka 1976, ya pili mwaka 1977, ya tatu mwaka 1978, na ni mwaka huo wa 1978 alipoweza kuacha vibarua akaishi kwa kalamu. Yaani vitabu vilitangulia, kuacha kazi kukafuata. Akiba yako ya miezi minane ingeishia mwanzoni kabisa mwa ile miaka mitano ya ukimya. Na fedha nzito zilichelewa zaidi: tuzo ya MacArthur, dola 295,000, ilimfikia mwaka 1995, akiwa mwandishi wa kwanza wa riwaya za kisayansi kuipata. *Parable of the Sower*, aliyoitoa mwaka 1993, iliingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times mwaka 2020, miaka 14 baada ya kifo chake.

Utaniambia kwamba huko Marekani kuna majarida na wasomaji wa hadithi hizi, na kwetu hakuna. Ni kweli, lakini hoja hiyo inakusukuma ubaki kazini, haikusukumi utoke. Piga hesabu, wewe ni mhasibu. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000, mrabaha wako ni asilimia 10, na nakala 1,000 zote zimenunuliwa. Unapata shilingi milioni moja, kwa kazi ya miaka. Soko dogo linahitaji mtu anayeweza kungoja. Hata China, yenye soko kubwa, Liu Cixin aliendelea kuwa mhandisi wa kompyuta katika kituo cha umeme cha Niangziguan huku riwaya yake, *The Three-Body Problem* kwa jina lake la Kiingereza, ikitoka kwa mfululizo jaridani mwaka 2006. Tuzo ya Hugo aliipata mwaka 2015, baada ya tafsiri. Na hapa kwetu, Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali huko Tanga *Kusadikika* ilipochapishwa mwaka 1951, simulizi ya nchi inayoelea angani. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba Kiswahili hakina nafasi ya mambo unayoyaandika.

Wapo walioacha kazi mapema wakafanikiwa, nakubali. Tunawajua kwa sababu walifanikiwa. Walioshindwa hawahojiwi na magazeti.

Pingamizi lako zito ni uchovu, na hili silidharau. Uhasibu unakula akili ileile inayobuni hadithi, na mtu aliyeshinda na hesabu za kufunga mwezi hana cha kuandika jioni. Basi iache jioni. Lala mapema, andika alfajiri kabla kampuni haijakugusa, hata kama ni saa moja tu, na siku za kufunga mwezi jisamehe. Ukiona miezi inapita na saa hiyo bado haizai kitu, hapo tafuta kazi nyingine yenye mzigo mdogo, hata kama mshahara utapungua. Hilo ni badiliko ambalo ningelitetea mbele ya mama yako. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka: itumie yote kuandika upya mswada, na sehemu ya akiba umlipe mhariri mzuri.

Mchumba mwonyeshe ratiba hiyo, umwambie kwamba saa ile ya alfajiri ni yako, ukae naye jioni. Huenda amenuna kwa sababu hajui mpango wako una mwisho gani.

Kisha upeleke mswada mahali pasipouliza kama ni wa shule. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada isiyochapishwa. Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti yao, na ile Dar es Salaam yako iliyozama usiipunguze hata mtaa mmoja kabla ya kuituma.