Hofu Baada ya Kulala na Mtu Usiyemjua: La Kufanya Leo, Wiki Hii na Miezi Mitatu Ijayo

Kama kondomu ilipasuka, au haikutumika kabisa, na hazijapita saa 72, soma sehemu ya kwanza tu kisha nenda kituoni. Zilizobaki utazisoma ukiwa kwenye foleni.

Wengi hufanya kinyume. Siku ya kwanza mtu hushinda akijilaumu. Siku ya pili humkagua mwenzake kwa mawazo: alikuwa mnene, ngozi yake safi, ana kazi ya heshima, hawezi kuwa na kitu. Siku ya tatu huamua kusubiri dalili. Siku ya nne ndipo anafika kituoni, na dawa ambayo ingemkinga juzi haianzishwi tena. Sura ya mtu haionyeshi VVU wala kaswende. Lawama mtu anaweza kuirudia wiki ijayo akitaka. Saa zikipita zimepita.

Saa 72 za mwanzo

Ipo dawa ya kuzuia VVU visiweke makao mwilini baada ya mtu kukutana navyo. Vituoni huitwa PEP. Ni ARV, dawa zilezile wanazotumia wanaoishi na VVU, na siku hizi mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 28 bila kuruka hata moja. Virusi vikishaingia havisambai mwili mzima papo hapo; kuna kipindi kifupi ambacho bado viko pale vilipoingilia, na dawa hufanya kazi ndani ya kipindi hicho. Ndiyo maana anayeanza baada ya saa mbili ana nafuu kuliko anayeanza baada ya saa 40, na zikipita saa 72 PEP haitolewi.

Nchini Tanzania nenda hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU. Usiku na siku za mapumziko, pita mapokezi ya wagonjwa wa dharura. Ukifika zahanati ambayo haina dawa hiyo, usirudi nyumbani kusubiri Jumatatu. Omba uandikiwe rufaa uende kwingine siku hiyohiyo.

Wengi hukwama pale mlangoni kwa kukosa maneno. Yanatosha haya: “Shikamoo dokta. Jana usiku nililala na mtu nisiyejua hali yake na kondomu ikapasuka. Naomba kuanza PEP.” Mhudumu anahitaji kujua ni lini, ni tendo la aina gani, na dawa gani nyingine unatumia, zikiwemo za vidonda vya tumbo na za kuongeza damu. Hahitaji kujua kama umeoa. Utapimwa VVU kwanza, kwa sababu aliye na maambukizi tayari huanzishiwa matibabu kamili badala ya PEP. Siku za mwanzo dawa inaweza kukuletea kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi wa mang’amung’amu. Hali hiyo hupungua. Kuacha katikati ndiko kunakoharibu kinga.

Mwanamke ambaye hakutaka mimba aombe papo hapo vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hufanya kazi vizuri ndani ya saa 72. Vinaweza kusaidia hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Aliyebakwa apelekwe hospitali mara moja na apewe dawa hizi zote. Fomu ya PF3 ya polisi ni muhimu kwa kesi, lakini kuitafuta kusimcheleweshee tiba.

Kuna watu hujiosha ndani kwa ndimu, chumvi, sabuni au dawa ya kuulia vijidudu. Tafadhali acha. Vitu hivyo huchubua ngozi laini ya ndani na kuvifungulia virusi njia. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Tendo moja la ukeni na mtu mwenye VVU asiyetumia dawa huambukiza, kwa wastani, chini ya mara moja katika mara mia. Kwa anayeingiliwa njia ya haja kubwa hatari huzidi mara moja katika mia. Vidonda, usaha, kutoka damu, au mwenza aliyeambukizwa majuzi tu, hupandisha hatari hiyo. Nimeweka hesabu hii hapa kwa ajili ya yule asiyelala usiku akiamini kuwa ameshahukumiwa: hujahukumiwa. Hata hivyo usiifanye sababu ya kukaa nyumbani, kwani hakuna ajuaye mara yake ni ipi.

Mtu mwenye VVU anayemeza dawa vizuri, na kipimo kikaonyesha virusi havionekani kwenye damu yake, haambukizi kwa ngono. Kubusiana, kukumbatiana, kutumia choo kimoja, kula sahani moja na kuumwa na mbu hakuambukizi VVU. Kwa mambo hayo hakuna haja ya PEP.

Magonjwa mengine ya ngono hayana huruma hiyo. Kwa kisonono, inakadiriwa kuwa tendo moja na mwenye ugonjwa humwambukiza mwanamume mmoja kati ya watano hivi, na wanawake karibu nusu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya ngono yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Mengi kati ya hayo hayakuwa na dalili yoyote.

Usisubiri dalili, na usikimbilie duka la dawa

Kisonono kwa mwanamume huonekana haraka, siku mbili hadi tano mara nyingi: mkojo unachoma, usaha unatoka. Mwanamke aliyeambukizwa siku hiyohiyo anaweza asihisi chochote, huku ugonjwa ukipanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Klamidia hufanya vivyo hivyo kwa kimya zaidi, na ndiyo chanzo kimojawapo cha wanandoa kuhangaika miaka wakitafuta mtoto.

Kaswende ndiyo inayodanganya kuliko yote. Huanza na kidonda kimoja kisichouma, wiki tatu hivi baadaye, ingawa kinaweza kutokea siku ya 10 au hata ya 90. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani asikione. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe, mwenye nacho anamshukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia kwenye damu. Ikigunduliwa mapema, sindano moja tu ya penisilini inayofanya kazi kwa muda mrefu huitibu.

Malengelenge yanayouma, mtoki, uchafu wa ukeni wenye harufu au rangi isiyo ya kawaida, maumivu chini ya kitovu: lolote kati ya haya ni la kupeleka kituoni siku hiyohiyo.

Najua njia fupi ilivyo. Duka liko mtaani, muuzaji haulizi mengi, na kwa pesa kidogo unapata kapsuli za kumeza siku mbili. Usaha hukauka. Lakini vijidudu vya kisonono vimeshazizoea dawa nyingi za zamani, na dozi nusu huvifundisha kuizoea na hii. Mwambie muuzaji akuelekeze kituoni. Ukitibiwa, maliza dozi, kaa siku saba bila kujamiiana, na hakikisha kila uliyelala naye katika kipindi hicho anatibiwa pia, la sivyo ugonjwa utarudi kwako kutoka kwake.

Kutibu kisonono si jambo dogo pembeni ya VVU. Kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti mkoani Mwanza uliboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya na zahanati za vijijini, kwa dawa za kawaida na wahudumu walewale waliopewa mafunzo. Maambukizi mapya ya VVU katika maeneo hayo yakapungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na maeneo ambayo hayakuwa yamefikiwa. Kidonda na usaha ni mlango wa VVU, na walioonyesha hilo mbele ya dunia ni wanavijiji wa Kanda ya Ziwa pamoja na wahudumu wao.

Kupima, na lini majibu ya kuyaamini

Pima mapema, ujue hali uliyokuwa nayo kabla ya tukio. Lakini kipimo cha siku ya tano hakisemi lolote kuhusu usiku ule. Vipimo vingi vya vituoni hutafuta askari wa mwili wanaopambana na VVU, na mwili huchukua wiki kadhaa kuwatengeneza. Washauri nasaha huita muda huo kipindi cha dirisha. Rudia baada ya wiki sita, na jibu la kutegemea ni la miezi mitatu. Kwa aliyetumia PEP, fuata tarehe utakazopewa kliniki. Omba upimwe kaswende na homa ya ini B siku hizohizo. Kama huna homa hiyo, uliza chanjo yake.

Wiki ya pili hadi ya nne watu wengine walioambukizwa VVU hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba au upele. Malaria na mafua hufanya hayohayo. Pima malaria, na umweleze mhudumu kuhusu tukio lile.

Sheria ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2019 ikaruhusu kujipima VVU mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Zamani ilikuwa 18. Kifaa cha kupangusa ufizi husomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelezo yake, si kesho yake asubuhi. Kikionyesha maambukizi, hilo bado si jibu la mwisho. Kituo ndicho huthibitisha.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo penye uzito, na vijitabu vingi hupita haraka. Hadi miezi mitatu ipite, mume au mke wako asikutane nawe bila kondomu. Katika ndoa ambayo kondomu haijawahi kuingia chumbani, ombi hilo peke yake ni ungamo. Maoni yangu ni kwamba ukweli, hata ukiumiza, humpa mwenzako nafasi ya kujilinda, na nafasi hiyo ni haki yake. Unaweza kuanza hivi: “Mke wangu, nimefanya jambo la kukuumiza. Nimeshaenda hospitali, ninameza dawa. Hadi nipime tena, naomba nikulinde.” Anayehofia kupigwa au kufukuzwa asiseme akiwa peke yake, aende kwanza kwa mshauri nasaha, ambaye anaweza kuwaita wote wawili na kuwapima pamoja.

Uharaka ni mkubwa zaidi palipo na ujauzito au mtoto anayenyonya. Tuseme mama alipima kliniki mwezi wa tatu wa ujauzito, akaambiwa yuko salama, kadi ikaandikwa. Mume akileta VVU mwezi wa saba, ile kadi haimlindi. Mtu aliyeambukizwa karibuni ana virusi vingi mno kwenye damu, na mama akiambukizwa hivyo huvipitisha kwa urahisi kwa mtoto tumboni na kwenye maziwa. Kaswende nayo huua mimba au humfanya mtoto azaliwe mgonjwa, wakati sindano ya penisilini kwa mama ingemwokoa. Kwa hiyo mama apimwe tena ujauzito ukikaribia mwisho, na wakati wa kunyonyesha pia. Kama aliyepatwa na tukio ni mama mwenyewe, asimwachishe mtoto kwa uamuzi wake: PEP hutumika hata kwa anayenyonyesha, na kliniki itamwongoza.

Shangazi, kaka, bibi: kijana wa nyumbani akikujia na habari hii, swali la kwanza liwe “lini?” Swali la “na nani?” linaweza kungoja. Mpe nauli, au mwende pamoja.

Hofu isiyoondoka

Miezi mitatu imepita, vipimo vimetoka safi, na bado unajikagua kioo mkononi, kila chunusi unaiona ugonjwa, umepima vituo vitatu tofauti. Vipele vidogo vilivyojipanga kuzunguka kichwa cha uume, au chembe za mafuta nyeupe kwenye ngozi, ni maumbile ya watu wengi. Kipimo cha nne hakitakutuliza, kwa sababu kinachokuumiza sasa ni majuto na wasiwasi, na hayo yana wahudumu wake. Rudi kwa mshauri nasaha umwambie hivi: nimepima, niko salama, lakini silali.